Mtu wa Dirishani: Mfamasia na Matibabu ya Uraibu

Mhadhara wa wazi, Kifungilo, Lushoto

Katika miaka ile ambayo Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal, wagonjwa wa kifua huko kwao Ulaya walikuwa wakiandikiwa dawa mpya ya kikohozi. Ilitengenezwa na kampuni ya Bayer, ikaingia sokoni mwaka 1898, na chupa zake zikapangwa kwenye rafu za maduka ya dawa pamoja na dawa za kichwa na za tumbo. Jina lake la biashara lilikuwa Heroin. Ilisifiwa kuwa haina ubaya wa mofini, kwamba mtu hawezi kuizoea. Haikupita miaka mingi madaktari wakaanza kuona wagonjwa waliokwisha kupona kikohozi wakirudi kuomba chupa nyingine, na mwaka 1913 Bayer ikaacha kuitengeneza.

Hata mofini ilitoka mkononi mwa mtu wa famasia. Friedrich Sertürner, kijana msaidizi katika duka la dawa la mji wa Paderborn, ndiye aliyeitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye akaijaribu mwilini mwake mwenyewe. Kwa hiyo anayeuliza mfamasia anahusikaje na mateja wa Tanga au Dar es Salaam anaweza kujibiwa kwanza kwa historia: fani hiyo imo ndani ya habari hii tangu mwanzo, kwa heri na kwa shari. Jibu la pili ndilo mada ya mhadhara huu. Katika matibabu ya uraibu wa unga, yaani heroini, nchini Tanzania leo, hakuna mtumishi wa afya anayeonana na mgonjwa mara nyingi kuliko yule anayekaa nyuma ya dirisha la dawa. Daktari humwona kwa wiki au kwa mwezi. Wa dirishani humwona kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili, Idi na Krismasi zikiwemo.

Matibabu hayo yalianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Bara lote la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa kama Mauritius, halikuwa na kliniki ya umma ya namna ile. Kilichowasukuma wakubwa kukubali kilikuwa UKIMWI zaidi kuliko huruma kwa mateja. Makadirio ya mwaka 2014 yalionyesha watu wapatao 30,000 wanaojidunga nchini, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na VVU, wakati kwa watu wazima kwa jumla kiwango kilikuwa karibu asilimia tano. Profesa Jessie Mbwambo na wenzake wa afya ya akili pale Muhimbili walikuwa wametumia miaka mingi wakieleza kwamba mtu anayechangia bomba la sindano maskani hatafikiwa kwa mabango ya barabarani. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, Temeke 2014, Kidongo Chekundu huko Zanzibar 2015, kisha Mbeya, Mwanza na Dodoma. Mkoa wa Tanga nao una kliniki yake katika Hospitali ya Rufaa ya Bombo. Kenya ilianza na Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, halafu ikashuka pwani hadi Malindi na Mombasa.

Dawa yenyewe ni methadoni. Nayo ni ya Kijerumani kwa asili, imetoka kwenye maabara za Hoechst mwishoni mwa miaka ya 1930, ikitafutwa kama dawa ya maumivu. Ilipata kazi yake ya pili New York, pale Vincent Dole na Marie Nyswander walipochapisha mwaka 1965 matokeo ya wagonjwa 22 wa heroini ambao, wakiwa wanapewa methadoni kila siku, waliweza kurudi shule, kazini na nyumbani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Inavyofanya kazi si siri. Heroini hupanda haraka kichwani na kushuka haraka. Baada ya saa chache arosto inaanza: miayo, machozi, makamasi, tumbo kukata, mifupa kuuma kana kwamba inapondwa. Teja halali vizuri kwa sababu kete ya asubuhi lazima itafutwe usiku. Methadoni hukamata sehemu zilezile za ubongo, lakini hupanda polepole na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Dozi ikiwa sawa, mtu halewi na haugui. Anakuwa mtu wa kawaida anayeweza kukaa kwenye kiti na kusikiliza anachoambiwa, jambo ambalo familia nyingi zilikuwa zimelikatia tamaa.

Hapo kwenye «dozi ikiwa sawa» ndipo mfamasia anapoanza kulipwa mshahara wake kihalali.

Mgonjwa mpya huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30. Kiasi hicho hakimtoshi, naye anajua, na atasema dirishani kwa lugha isiyoandikika gazetini. Lakini methadoni hujilimbikiza. Dozi ya leo inapanda juu ya mabaki ya jana na ya juzi, hivyo mtu aliyeonekana mzima Jumatatu anaweza kusinzia Alhamisi na asiamke. Wiki mbili za mwanzo ndizo hatari kuliko zote. Basi kazi ya dirishani ni kumtazama mtu kabla ya kumimina: mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini? Anasinzia amesimama? Ananuka pombe? Aliyekunywa pombe akaongezewa methadoni anaweza kuacha kupumua, kwa hiyo huambiwa akae pembeni asubiri, au arudi kesho. Kumnyima mtu mwenye arosto dawa aliyoifuata kwa miguu ni kazi inayotaka moyo na adabu kwa pamoja. Haifundishwi vizuri katika vitabu vya kemia.

Akiruhusiwa, dawa ya maji inapimwa mbele yake, anainywa palepale, anaisindikiza kwa maji, kisha anazungumza maneno mawili matatu. Maneno hayo yana maana yake: aliyeificha mdomoni ili akaiteme na kuiuza nje hawezi kuongea vizuri. Kisha inaandikwa kwenye rejesta. Jioni mililita zilizotoka zinalinganishwa na zilizobaki, na tofauti yoyote inatafutiwa maelezo, maana methadoni iko chini ya Mkataba wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya. Kila nchi hupeleka Vienna, kwa bodi ya kimataifa inayosimamia dawa hizo, makadirio ya kiasi itakachohitaji kwa mwaka, na kisichokadiriwa hakiagizwi kirahisi. Ndani ya nchi kuna Bohari ya Dawa, kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mfamasia aliyekosea hesabu za robo mwaka hasababishi usumbufu wa karatasi tu. Anaweza kuwaacha mamia ya watu na arosto kwa wakati mmoja, na mtaa mzima utajua kabla ya mkurugenzi.

Kuhusu ukubwa wa dozi kuna ushahidi wa nyumbani. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 629 walioingia kliniki ya Muhimbili kati ya Februari 2011 na Januari 2013. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 57 walikuwa bado wanahudhuria. Waliokuwa kwenye dozi ndogo, chini ya miligramu 40 kwa siku, ndio waliokimbia zaidi. Waliokuwa kwenye dozi ya kati na kubwa walibaki. Matokeo hayo yanapingana na hisia za watu wengi, wakiwemo baadhi ya watumishi, kwamba mraibu apewe kidogokidogo asije «akazoea». Amekwisha kuzoea. Anayepewa nusu ya anachohitaji atakunywa methadoni asubuhi na kutafuta kete jioni, na serikali itakuwa imegharimia nusu ya uraibu badala ya kuutibu.

Kuna jambo jingine ambalo daktari mwenye haraka hulikosa na mfamasia hulidaka. Mgonjwa aliyekuwa ametulia miezi kadhaa anakuja ghafla akilalamika kwamba dawa imechanganywa na maji. Anatokwa jasho, tumbo linauma, hajalala siku tatu. Rahisi ni kumwambia ameanza tena mchezo. Mfamasia makini anamuuliza swali moja: umeanzishiwa dawa gani nyingine? Akijibu kwamba ameanza dawa za kifua kikuu, fumbo limeisha. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya TB, huliamsha ini kuichoma methadoni upesi kuliko kawaida, hivyo dozi ileile iliyomtosha juzi leo haimfikishi jioni. Dozi inabidi ipandishwe. Na miezi sita ikiisha, rifampisini ikiachwa, inabidi ishushwe polepole, la sivyo kile kilichokuwa tiba kitamlaza. Efavirenzi, iliyokuwa ndani ya vidonge vya VVU kwa miaka mingi kabla Tanzania haijahamia dolutegraviri kuanzia 2019, ilileta vurugu hiyohiyo. Dawa za kifafa kama fenobabitali na kabamazepini nazo zimo. Flukonazoli, inayotolewa kwa fangasi, hufanya kinyume chake: huizuia methadoni isitoke. Kwa kuwa wanaojidunga ndio haohao wenye VVU na TB kwa wingi, migongano hii si mambo ya mitihani ya chuo. Ni habari ya kila wiki.

Milima ya Usambara si mgeni katika habari za dawa na akili. Huko Amani, upande wa mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, kwinini ya majeshi yao ilitengenezwa humo kutokana na magome ya msinkona. Lutindi, upande wa magharibi juu ya Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 ikapokea wagonjwa wa akili. Inatajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wake wanajulikana kwa kazi za mikono na mashamba ya chai. Hospitali ilisimama mlimani kabla mji wa Dodoma haujapata hospitali yake ya akili ya Mirembe mwaka 1927. Lakini Lutindi ni hospitali ya kulaza watu na kuwatuliza kwa muda. Uraibu wa unga unadai kitu ambacho jengo hilo la kale halikujengewa: dozi ya kila siku, karibu na anakolala mgonjwa, kwa miaka.

Basi Kifungilo. Nje ya Lushoto jina hili hutajwa kwa sababu ya shule ya wasichana ya masista, na watu hudhani kwamba mahali penye ukungu, kabichi na kengele ya kanisa unga haufiki. Mboga za Lushoto hushuka Dar es Salaam usiku kucha, na vijana hushuka nazo. Wengine hupakua mizigo sokoni, wengine hushika biashara ndogo, na baadhi huangukia vijiwe ambako sigara ya kwanza iliyochanganywa na unga hutolewa bure. Familia ikishtuka, hufanya jambo ambalo kila familia ya Kiafrika ingelifanya: inamrudisha mtoto nyumbani mlimani, mbali na marafiki wabaya, na kumkabidhi kwa bibi.

Nia ni njema kabisa. Matokeo yake yana sura mbili. Kwanza kijana anapita kwenye arosto chumbani, bila dawa, na bibi anadhani ni malaria au amerogwa. Anapelekewa dawa ya kuharisha, labda mganga. Watu wachache hufa kwa arosto ya heroini, lakini kwa kuishiwa maji na chumvi inawezekana, na mateso yake huwafukuza wengi warudi mjini kabla ya wiki kwisha. Sura ya pili ni mbaya zaidi na haizungumzwi. Aliyekaa mlimani miezi miwili bila kugusa kete mwili wake umesahau. Siku akiteremka Dar akakutana na wenzake, atatumia kiasi alichokizoea zamani, na kiasi hicho sasa ni cha kumuua. Mfamasia wa hospitali ya wilaya akipata dakika kumi na kijana huyo na mzazi wake, hilo ndilo la kwanza kuwaambia. Kuna dawa ya kumwamsha aliyezidisha, naloksoni, lakini inafaa tu ikiwa ipo na mtu wa karibu anajua kuitumia.

Je, apelekwe Bombo? Kutoka Kifungilo mtu hushuka Lushoto mjini, akapita Soni na kona zote hadi Mombo, akashika barabara kuu kupitia Korogwe na Segera, kisha Muheza, ndipo Tanga. Ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na methadoni hutolewa kila siku. Aliyekosa siku tatu mfululizo dozi yake hupunguzwa kwa usalama. Akikosa zaidi huanza upya kabisa. Kijana wa Kifungilo anayetaka matibabu hayo ana njia moja tu: ahamie Tanga. Tiba iliyokusudiwa kumrudisha mtu kwao inamtaka kwanza aondoke kwao.

Kwingineko kizuizi hiki kilivunjwa na maduka ya dawa ya mtaani. Ufaransa iliruhusu mwaka 1996 buprenofini, ndugu wa methadoni mwenye hatari ndogo ya kuzuia pumzi, iandikwe na daktari wa kawaida na kutolewa na famasi yoyote. Vifo vya kuzidisha dozi vilishuka kwa kiasi cha asilimia 79 kati ya 1995 na 1999. Uskoti imezoea miaka mingi kumwona mgonjwa akinywa methadoni yake kwenye famasi ya mtaani, foleni moja na mama aliyekuja kuchukua dawa ya presha. Ufaransa nayo ilionja machungu: sehemu ya buprenofini iliuzwa mitaani na wengine wakaisaga na kujidunga. Asemaye kwamba mfumo huo hauna uvujaji anadanganya. Swali ni uvujaji upi una madhara makubwa zaidi, wa dawa au wa watu.

Tanzania haiwezi kuuiga mfumo huo mzimamzima, na isijaribu. Huku vijijini duka la dawa kwa kawaida ni Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Muuzaji wake amepata mafunzo ya wiki kadhaa, si shahada ya famasia inayofundishwa Muhimbili tangu 1974. Mofini, pethidini na methadoni hazimhusu. Hata hivyo kijiji kizima humwita «dokta», humwamkia kwa heshima, na humweleza siri ambazo hazimfikii mganga mkuu.

Na huyo dokta wa dukani ana mkono wake katika uraibu, apende asipende. Mtu aliyeishiwa unga huuliza diazepamu, tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodeini. Nigeria ililazimika mwaka 2018 kupiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya vijana kuzinywa kama soda. Dukani hali hujulikana mapema: mteja yuleyule, kikohozi kilekile kisichosikika, cheti cha daktari kilichokunjwa mpaka maandishi yamefutika, na noti inayosukumwa mezani ili maswali yaishe. Muuzaji akichukua noti amekuwa sehemu ya biashara. Akimfukuza kwa matusi mbele za watu, amempoteza. Aliyefundwa vizuri humsogeza pembeni, humwambia dawa hii siwezi kukupa, kisha humtajia kwa jina mtu wa kumwona hospitali. Kauli hiyo haihitaji shahada, na hakuna sheria inayoizuia.

Pombe nayo isisahaulike, kwa sababu kwa idadi ndiyo inayoharibu nyumba nyingi zaidi milimani. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, lakini gongo haikuhitaji kiwanda, wala boha, pombe ya miwa inayojulikana sana mkoani Tanga. Tofauti na unga, mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Wazee wa kanisa na masheikh wanaowaapisha watu waache pombe siku hiyohiyo wangefanya vizuri wakiwapitisha kwanza kwa mfamasia au daktari, wapewe dawa ya kuwatuliza kwa siku chache na vitamini B1 ya kuuokoa ubongo. Toba haiharibiki kwa kupita hospitali.

Jambo linalowezekana Lushoto bila kusubiri muujiza ni hili: Bombo iendelee kumwanzisha mgonjwa, kumpima na kumfikisha kwenye dozi tulivu, kazi inayotaka wiki au miezi. Akishatulia, famasi ya hospitali ya wilaya impokee kama tawi, yenye kabati la kufuli mbili, rejesta moja inayosomana na ya Bombo, na mfamasia au mteknolojia dawa aliyefundishwa migongano ya dawa. Usajili wa wagonjwa wa TB na VVU tayari upo wilayani. Wagonjwa wa methadoni wangepita mlango huohuo, pengine hata saa hiyohiyo. Gharama yake kubwa ni watumishi, maana dirisha la methadoni halifungwi wikiendi, na hospitali nyingi za wilaya zina upungufu wa watu wa famasi hata siku za kazi. Hilo ni suala la bajeti ya halmashauri, na madiwani wa Lushoto wanaweza kuulizwa juu yake katika kikao kijacho.

Kwa sasa, mzazi wa Kifungilo, Gare au Magamba mwenye kijana aliyerejea kutoka mjini asimfungie ndani. Ampeleke hospitali ya wilaya, na wakifika dirishani wamtajie mfamasia kila alichotumia kijana huyo, unga, bangi, mirungi, pombe na vidonge vya dukani, pamoja na dawa anazomeza za TB, VVU au kifafa. Dozi ya dawa yoyote atakayopewa inapangwa kutokana na majibu hayo.